Rangi ya Kucha kwenye Skrubu

Kama kuna mtu aliyewahi kuingia dukani kwa Dub Prather akatoka bila kutaniwa na Orval Tveit, basi aliingia siku ambayo Orval yuko kwenye mazishi. Jumamosi zote za Septemba, kabla msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, haujafunguliwa, mzee huyo alikuwa anaketi kwenye stuli karibu na jiko la kuni, kikombe cha kahawa mkononi, akiwaambia watu wanunue nini. Hakuajiriwa na mtu. Mwenye duka ni Dub, lakini mteja akiuliza swali, Dub mwenyewe alikuwa anageuza kidevu kuelekea kwenye stuli.

Na kujua alikuwa anajua, tusimwonee. Wawindaji wa bonde hilo la Bonnet Creek hawapendi risasi za kununua. Wanaokota maganda yao ya shaba baada ya kufyatua, wanarudi nayo nyumbani, wanatia fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na kichwa kipya cha risasi, na ganda linaanza maisha upya. Ila ganda kila likifyatuliwa hurefuka shingo. Shingo ikizidi, haikai sawasawa ndani ya bunduki, na mchezo huo unaweza kukutoa jicho. Kwa hiyo shingo hukatwa, kisha mdomo husuguliwa ndani na nje mpaka vijimeno vya shaba viishe. Ni kazi ya kipimo cha unywele. Orval aliifanya tangu ujana wake, alipokuwa fundi wa mitambo kwenye ghala la ngano, na nyama nyingi iliyoliwa bonde lile ilitokana na maganda yaliyopita mikononi mwake.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba Orval haoni. Si kwamba ni kipofu. Alikuwa anaona mlima, anaona pikapu, anaona mtu akija. Vitu vidogo ndivyo vilivyomtoroka. Daktari kule mjini Great Falls alimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, apange siku apasuliwe. Orval akavaa kofia yake akatoka. Hakumwambia hata Ione, mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa akimcheka Dub kwa miwani aliyoifunga uzi shingoni kama mbuzi wa maonyesho. Sasa aende naye avae ya kwake? Mwaka ule watu walipomletea maganda aliwarudisha, eti bega linamsumbua. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Orval hakusubiri kifo, aliumbuliwa na skrubu.

Siku yenyewe aliingia Marnie Haugstad, dereva wa basi la shule, amekumbatia kopo la kahawa. Marnie ni binti wa Leland, na Leland alikuwa mwenzi wa Orval wa kuwinda tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Walimzika masika yale.

"Anko Orval, nimekuja unichagulie," alisema.

"Nikuchagulie mume?"

"Mume nitajitafutia, wewe hata mikanda yako ya suruali huchaguliwa na Ione! Nataka kifaa cha kukatia shingo. Haya hapa maganda ya baba."

Watu wakacheka, Orval akacheka kuliko wote. Kisha Marnie alipofungua kopo, kicheko kikapungua, kwa sababu kila aliyekuwa pale aliyajua maganda yale. Bunduki ya Leland ilikuwa ya babu yake, ya kipimo cha zamani ambacho viwanda vimeacha kukitengeneza. Maganda yaliyokuwa koponi ndiyo yaliyokuwapo, hakuna mengine. Leland alikuwa akiyaokota theluji hadi magotini, na likipotea moja anageuka mbogo siku nzima.

"Mama nimemwahidi nyama ya majira haya itatoka kwenye bunduki ya baba," Marnie alisema. "Mwaka mmoja tu, hata kama baadaye nitaitundika. Na nataka nikate mwenyewe. Baba alikuwa anakuletea wewe kila mwaka, lakini wewe nawe, Anko, hutaishi milele."

"Nitakuzika wewe kwanza," Orval akasema, lakini moyoni alikuwa amefurahi kama mtoto.

Dub akapanga vifaa kaunta. Kimoja kilikuwa cha umeme, kinanguruma chenyewe. Cha pili kilikuwa cha mkono, chuma kizito cha kufunga mezani, unabana ganda, unazungusha mpini wake, kisu kinakula shingo mpaka kifike kwenye pete ya kukizuia. Pete hiyo unaipanga wewe mwenyewe kwa kipimo, kisha unaikaza kwa skrubu. Cha tatu kilikuwa kidogo, cha kutia mfukoni: kisu na fimbo nyembamba inayopita ndani ya ganda. Fimbo imeshachongwa urefu wake. Ikigusa chini, kisu hakiendi tena, hata ukilazimisha.

"Mimi ningempa hiki cha fimbo," Dub alisema. "Hakuna cha kupima. Kwa ganda hili fimbo haiko dukani, lakini kuna jamaa anayechonga, wiki chache tu—"

"Hicho ni cha watoto," Orval alimkata. "Na kile cha umeme ni cha wavivu. Binti wa Leland atazungusha kwa mkono wake. Mpe hiki cha katikati. Na mpe kile kisuguo cha ncha mbili, ncha hii ndani, ncha hii nje. Mara mbili tatu tu, mwanangu, makali yaondoke. Ukisugua sana mdomo unakuwa wembe."

"Nani atampangia pete?" Dub aliuliza.

"Unamwuliza nani? Lete kalipa."

Dub akaleta kalipa, kile kipimo cha taya mbili chenye saa ndogo ubavuni. Kwenye fimbo yake kuna mistari mikubwa, na kila mstari mmoja ukipita, mshale wa saa huzunguka duara zima. Ukikosea mshale, umekosea unywele. Ukikosea mstari, umekosea punje nzima ya ngano. Urefu wa ganda la Leland Orval aliujua kwa moyo, hata ungemwamsha usingizini angekutajia. Akafungua taya. Mshale ulikuwa mweusi na mnene, aliuona. Mistari ilikuwa ukungu mtupu.

Dub alivua miwani yake akamsogezea, polepole, bila maneno makubwa. "Chukua hii, mwanga wa humu mbaya."

Hapo ndipo Orval angeokoka. Lakini watu walikuwa wamesimama, na Marnie alikuwa anamtazama kwa macho ya Leland. "Miwani kamvalishe mbuzi wako," alisema, na duka zima likaangua kicheko. Akahesabu mistari kwa kukisia. Akapanga pete, akakaza skrubu, halafu akamwomba Marnie rangi ya kucha. Ndivyo mafundi wa kule wanavyofanya: tone la rangi juu ya skrubu, likikauka, maadamu halijapasuka unaona kwa macho kwamba skrubu haijasogea. Marnie alikuwa na chupa nyekundu mkobani. Orval akadondosha tone kwa kidole kilichozoea.

"Usiiguse hiyo rangi," alimwambia. "Maadamu ni nzima, kipimo ni changu."

Siku chache baadaye Marnie alisimamisha pikapu nje ya karakana ya Orval. Hakupiga honi kama kawaida yake. Aliingia na kile chuma mkononi, akakiweka mezani, na ganda moja.

"Anko, vichwa havishiki. Natia kichwa kinacheza kama jino bovu. Kingine kimetumbukia ndani kabisa."

Orval alilichukua lile ganda. Hakuhitaji macho. Alipitisha kidole gumba shingoni, na shingo ikaisha kabla kidole hakijatosheka. Punje ya ngano. Mstari mmoja.

"Umekata mangapi?" aliuliza.

"Yote." Sauti ya Marnie ilikuwa ndogo. "Nilizungusha mpaka bega likauma. Chenga za shaba zilijaa kisahani. Nikajiambia labda ndivyo kazi ilivyo, Anko mwenyewe ana bega bovu kwa ajili hiyo. Nikaona aibu kukupigia simu kwa jambo dogo."

"Kopo liko wapi?"

"Kwenye gari. Nikuletee?"

"Lete."

Alipotoka, Orval alikisogeza kile chuma karibu na dirisha akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Rangi nyekundu ilikuwa nzima. Haikuwa na ufa hata wa dawa. Na hapa, jamani, sijui nimtetee vipi mzee huyu, kwa sababu hakufikiri hata kidogo. Kama angefikiri akashindwa, ningemwonea huruma. Alitia ukucha wa gumba akabandua ile rangi, akachukua bisibisi akalegeza skrubu robo zunguko, akairudisha bisibisi ukutani mahali pake. Mlango wa pikapu ukabamizwa. Marnie akaingia na kopo.

"Tazama," Orval alisema. "Skrubu imelegea. Rangi imebanduka."

Marnie akainama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaziba uso kwa mikono. "Niliiangusha," alisema. "Jioni ile ya kwanza, nilipokuwa naifunga mezani, iliniponyoka ikaanguka sakafuni. Sikuangalia rangi. Uliniambia kipimo ni chako maadamu rangi ni nzima, Anko, na mimi sikuangalia."

Mtu mwenye haya angesema hapo hapo. Orval alisema, "Ndiyo hivyo. Chuma kikianguka kinasogea." Akampigapiga begani, akamwambia hayo humtokea mtu yeyote.

Bonnet Creek haina siri. Siku ya kujaribu bunduki, watu wote walipokusanyika kwenye shimo la kokoto na shabaha zao za karatasi, Marnie alikuja na bunduki ya kuazima ya binamu yake. Wakamwanza kwa utani.

"Marnie, nasikia umefungua saluni! Unanyoa shingo?"

"Mpeni kuku wangu wa sikukuu, huyu hakosei shingo!"

Alicheka nao, akameza. Mmoja akamgeukia Orval. "Orval, si wewe uliyemfundisha?"

Orval akatema mate kwenye kokoto. "Nilimfundisha," alisema. "Kufundisha mtu si kumshikia mkono."

"Anko alinionyesha vizuri," Marnie akasema haraka, kama anayemkinga mzee na mvua. "Mimi ndiye niliyeangusha."

Loo! Orval alirudi nyumbani mapema, akamwambia Ione kahawa ilikuwa mbaya. Akanawa mikono, akanawa tena. Chini ya ukucha wa gumba palikuwa na uzi mwekundu usiotoka. Yeye mwenyewe hakuuona, macho gani hayo. Ione ndiye aliyeuona akimpa taulo. "Umepaka rangi gani?" aliuliza, na Orval akavuta mkono wake kwa nguvu mpaka taulo likaanguka. Ione alimtazama, akaliokota, akalianika. Walikuwa wameoana muda wa kutosha kujua wakati wa kutouliza tena.

Jumapili baada ya kanisa, meza ikiwa na soseji za elki na viazi, Marnie alibisha hodi. Alikuwa amebeba kitu kirefu kilichofungwa blanketi. Hakutaka kukaa. Alikilaza kile kitu juu ya meza, katikati ya sahani, akafunua. Ilikuwa bunduki ya Leland, imefutwa kwa mafuta, mbao zake zinang'aa.

"Ichukue wewe, Anko," alisema. "Mama amekubali. Nimejaribu kuitundika ukutani, siwezi kuitazama. Kila nikipita naona kama inaniuliza. Baba alihifadhi yale maganda maisha yake yote, na mimi nimeyamaliza jioni mbili. Afadhali ikae na mtu ambaye haharibu."

Ione alisema, "Mungu wangu, Marnie, mwanangu," akainuka kumshika. Orval hakuinuka. Alikuwa anatazama bunduki ya rafiki yake karibu na bakuli la viazi, na aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikio yakawaka. Alitamani ardhi ipasuke. Kwa muda alifikiri, nikiipokea yataisha. Ndiyo, hata hilo lilimpitia kichwani, na alipoona limempitia akajiogopa.

"Ni mimi," alisema.

"Nini?" Marnie akauliza.

"Pete. Niliipanga vibaya mimi. Nilikosa mstari mmoja. Sikuona mistari, Marnie. Sioni. Daktari aliniambia tangu mwaka jana."

Ione akaketi taratibu. Marnie alikuwa bado amesimama, mkono juu ya blanketi. "Lakini rangi ilibanduka," alisema. "Nilipoiangusha."

"Haikubanduka ulipoiangusha. Ilikuwa nzima ulipoileta. Niliibandua mimi, ulipokwenda kuchukua kopo." Akanyoosha mkono juu ya meza, gumba juu, ule uzi mwekundu ukaonekana na kila mtu. "Kwa ukucha huu."

Mafuta ya soseji yalikuwa yanaganda. Orval alisubiri atukanwe, na angeshukuru. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, basi yeye aliinamisha kichwa akachutama pale pale kitini.

"Pale kwenye kokoto," Marnie alisema hatimaye, "walipokuwa wananicheka. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakutetea."

"Ulinitetea."

Alianza kuifunga bunduki kwenye blanketi. Akakosa fundo, akalirudia. "Ungeniambia huoni, Anko," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka. "Si ningekusomea tu? Nilikuwa nimesimama kando yako. Ningekusomea."

Akatoka na bunduki ya baba yake. Ione alisubiri mpaka pikapu ikaondoka. Kisha alisema, "Kesho napiga simu Great Falls," akaanza kutoa vyombo, na sahani ya Orval aliichukua ikiwa imejaa bila kumwuliza kama ameshiba.

Jumamosi iliyofuata, duka likiwa limejaa kwa sababu msimu ulikuwa unafunguliwa, Orval aliingia na hakwenda kwenye stuli. Alisimama kaunta, kofia mkononi. Marnie alikuwapo, amekuja kununua risasi za ile bunduki ya kuazima. Orval hakujua kwamba atamkuta, na alipomwona nusura ageuke. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, lakini siku hiyo mzee wa watu alikuwa na mashaka na vyote viwili.

"Maganda ya Leland niliyaharibu mimi," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kule kwenye jiko la kuni. "Si Marnie. Nilipanga pete bila kuona, halafu nikambebesha yeye. Aliyekuwa anamcheka, anicheke mimi."

Laiti wangecheka! Wanaume walitazama viatu vyao. Mmoja alijifanya anasoma bei ya glavu. Dub alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kuna mtu Idaho," Dub alisema, "anachukua maganda ya aina nyingine anayakandamiza yawe ya kipimo hiki. Si kabla ya masika."

"Agiza," Orval alisema. "Yote anayoweza. Na kile kifaa cha fimbo, cha kutopima. Mwambie jamaa yako achonge."

"Urefu gani?"

Orval akautaja, ule aliokuwa nao moyoni miaka yote. Dub akashika kalamu. Hakuandika. Aliinua macho, akayapitisha juu ya bega la Orval, akauliza, "Marnie, ni sawa?"

Katika duka lile, namba ya Orval Tveit haikuwahi kuulizwa kwa mtu wa pili. Marnie alisogea. Alitia mkono mfukoni mwa koti, lilikuwa koti la uwindaji la Leland, kubwa kwake, akatoa ganda tupu moja alilolikuta humo, la elki wa mwisho wa baba yake, ambalo kisu hakikuligusa. Akachukua kalipa. Akapima, akageuza saa kwenye mwanga wa dirisha, akahesabu mistari kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja, kisha akaanza tena mwanzo.

Orval alisubiri, kofia mkononi, mbele ya watu wote.

"Limezidi kwa unywele," Marnie alisema. "Ndivyo linavyokuwa kabla ya kukatwa. Namba aliyoitaja ni sawa."

Hapo ndipo Dub akaandika.